Atachmenti ya ubaharia Kisumu: namna ya kutoka ziwani ukijua kazi

Kama chuo kimekupa barua ya kutafuta atachmenti na umeamua kuja Kisumu badala ya kubanana na wenzako kule Mombasa, sawa kabisa, ila kuna jambo moja afadhali ulijue saa hii kabla hujakata tiketi. Muda wa ziwani hauhesabiwi kama muda wa baharini. Ule mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW wa 1978 uliofanyiwa marekebisho makubwa pale Manila 2010, unahusu meli zinazoenda baharini, na chombo ambacho kazi yake yote ni maji ya ndani kama Ziwa Victoria kimeachwa nje. Kwa hivyo ile miezi 12 ambayo kadeti wa deki (yule anayesomea uafisa wa kuongoza meli) anatakiwa awe nayo ndani ya programu iliyoidhinishwa, 6 kati yake akifanya zamu za briji (chumba cha kuongozea meli), huwezi kuipata kwa kuzunguka Kisumu na Mbita hata ukae mpaka uote mvi. Mtu akikuapia kwamba itahesabiwa, mwambie alete maandishi kutoka Kenya Maritime Authority (KMA), mamlaka inayosimamia mambo ya mabaharia nchini, maneno ya kibandani hayaendi popote.

Sasa mbona uje? Uje kwa sababu ya mikono. Kwenye bandari kubwa mwanafunzi wa atachmenti anaweza kumaliza miezi 3 akiwa amesimama kando na helmeti safi, anaangalia wenye kazi wakifanya kazi, halafu anarudi chuo na picha nyingi kwa simu. Huku vyombo ni vidogo, watu ni wachache, na serahangi (mkubwa wa mabaharia wa deki) akigeuka kutafuta mtu wa kushika kamba anakuta ni wewe tu uko hapo. Hiyo ndio faida yote, na hii makala ni ya kukuonyesha utaitumiaje.

Nafasi utaipata wapi

Bandari ya Kisumu iko chini ya Kenya Ports Authority. Uwanja wa kujenga meli wa Kenya Shipyards uko hapo hapo mjini kando ya maji, na ndio uliojenga MV Uhuru II. Kuna MV Uhuru yenyewe ya zamani, ile ya miaka ya 1960 yenye reli kwenye deki ya kubeba mabehewa, ililala miaka mingi halafu mwishoni mwa 2019 ikaamshwa ikaanza kupeleka mafuta Port Bell, Uganda. Kuna taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iko na kituo chake Kisumu. Kuna Kenya Coast Guard Service iliyoanzishwa 2018. Na kuna feri za Luanda Kotieno na Mbita, ambazo wanafunzi wengi wanazidharau kwa sababu hazina jina kubwa.

Ushauri wangu ni huu, ukienda kuuliza nafasi usianze kuuliza kama kuna posho, uliza chombo kinatoka mara ngapi kwa wiki. Meli kubwa yenye jina lakini imefungwa gatini inasubiri spea itakufundisha kupaka rangi na kufagia, na ukishajua kupaka rangi umejua. Feri ndogo inayovuka kutoka asubuhi hadi jioni inafunga na kufungua kamba kila safari, inapakia magari, inageuza, inapigana na upepo, yaani kwa wiki moja umefanya kitu ambacho mwenzako wa meli kubwa hajakifanya muhula mzima. Kwa wale wa injini hesabu ni tofauti kidogo, nyinyi meli iliyosimama kwa matengenezo ni neema, manake injini ikifunguliwa ndio unaona pistoni, laina na beringi kwa macho, kwa hivyo uwanja wa meli uwe chaguo la kwanza.

Peleka barua mapema, miezi kadhaa kabla, na uipeleke mwenyewe kwa mkono. Ukitoka Nakuru au Kakamega ni safari ya kwenda na kurudi siku moja, usitume imeili ukakaa kusubiri. Pale rejista mwite mama ama mzee kwa heshima yake, acha nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, halafu baada ya wiki mbili rudi uulize.

Makaratasi: barua ya chuo, bima ya ajali ambayo chuo kinafaa kuwa kimekuwekea (wengi hawaulizi, uliza), logibuku, kitambulisho, na cheti cha daktari. Hicho cha daktari usikiache mpaka wiki ya mwisho. Kwa mabaharia kinakaa miaka 2 tu, na kama hujafika miaka 18 ni mwaka 1, na wale wa deki macho yao yanapimwa rangi, manake usiku kijani na nyekundu ndio lugha yenyewe ya meli. Kuna watu wanafika mwaka wa pili chuoni ndio wanagundua hawatofautishi hizo rangi mbili. Jua mapema, bado unaweza kuhamia kozi nyingine ya bandari bila kupoteza karo ya miaka.

Pia uwe umeshafanya yale mafunzo manne ya msingi ya usalama, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi kazini. Bila hayo sehemu nyingine hawatakuruhusu kupanda ngazi, na wako sawa.

Vaa ukitegemea kuchafuka

Ovaroli ya mikono mirefu, sefti buti, glavu, na tochi ndogo. Pete toa, kabisa, hata ya uchumba, winchi na ngazi za chuma hazijui mapenzi. Cheni na lanyadi ya shingoni pia acha nyumbani. Chukua kijitabu kinachoingia mfukoni pamoja na penseli, sio kalamu, kwa sababu karatasi ikiloa wino unaenda wote lakini penseli inabaki. Hiki kijitabu ni muhimu kuliko logibuku yenyewe, ntaeleza mbele.

Dada zangu, ulizeni kabla ya siku ya kwanza kama kuna sehemu ya kubadilisha nguo na kama wana ovaroli na buti za saizi yenu. Buti kubwa kuliko mguu kwenye deki iliyoloa ni hatari kuliko kutokuwa na buti. Wakisema hawana, nunua zako mtumba pale Kibuye, utapata.

Nyumba sitasema mengi. Nyalenda na Manyatta bedsita zipo za kila bei, angalia tu usikae mbali sana ikiwa zamu yako inaanza alfajiri, boda ya saa kumi usiku inakula pesa na si salama.

Siku ya kwanza, kabla hujagusa kitu

Mwombe supavaiza dakika chache ujue hivi vitu viko wapi: laifjaketi, mitungi ya kuzima moto na kila mmoja ni wa aina gani, mahali pa kukusanyika king'ora kikilia, swichi ya kuzima injini kwa dharura, na njia ya kutoka kwenye kila chumba utakachofanyia kazi. Halafu hiyo njia ya kutoka itembee mara ya pili ukiwa umefumba macho, mkono ukutani, unahesabu ngazi na milango. Watakucheka. Wacheke tu. Injini rumu ikijaa moshi ama taa zikizima hutaona hata kiganja chako, na hapo ndio utajua kama ulihesabu.

Hili ziwa lina historia yake na wazee wa hapa hawajaisahau. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa watu kupita kiasi, mamia wakafa. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara, Tanzania, watu wanaiona kutoka nchi kavu, ilikuwa ya kubeba abiria 101 na waliokufa walipita 200. Siku mbili baadaye fundi wa injini alitolewa ndani akiwa hai, alikuwa amebaki sehemu iliyokuwa na hewa. Kwa hivyo unapofundishwa darasani mambo ya uthabiti wa meli, kituo cha uzito, uzito kupanda juu na watu kukimbilia upande mmoja, hayo mambo yametokea kwenye maji haya haya. Ukipewa kazi ya kuhesabu abiria wanaopanda feri, hesabu mmoja mmoja. Usikadirie.

Na ukiambiwa uingie kwenye tanki au chumba kilichofungwa muda mrefu, uliza kwanza nani amepima hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21, na ndani ya tanki la chuma lililofungwa kutu peke yake inaimaliza polepole, hakuna harufu, hakuna moshi, unaingia unaanguka, na mwenzako anayeruka ndani kukuokoa anaanguka juu yako. Bila kipimo, bila kibali, bila mtu wa kusimama mlangoni, usiingie. Hapa una haki ya kukataa na hakuna mtu mzima wa kazi hii atakuona mwoga.

Kamba

Hapa ndio tutakaa.

Mafundo matano yanatosha kuanzia, na la kwanza ni lile la kitanzi kisichokaza, bowline. Tengeneza kijiduara kwenye sehemu ndefu ya kamba, ncha ipitishe kutoka chini ijitokeze juu, izungushe nyuma ya ile sehemu ndefu, irudishe chini kupitia kijiduara kile kile, kaza. Ukiliweza mezani, lifanye ukiwa umesimama. Ukiliweza umesimama, lifanye mkono mmoja na giza. Nunua kamba ya mita mbili pale sokoni ulale nayo. Mengine ni clove hitch ya kufungia fenda (ule mto wa kuzuia chombo kisigonge gati), figure of eight ya kuzuia ncha isichomoke, sheet bend ya kuunga kamba mbili zisizolingana unene, na mzunguko kamili na nusu fundo mbili kwa kufunga kitu kwenye nguzo ama pete.

Sasa kufunga chombo gatini. Mara ya kwanza utawekwa upande wa nchi kavu kupokea kamba, na kazi inaonekana rahisi hivi: wanakurushia kamba nyembamba yenye uzito mwishoni, unaivuta, inakuja na kamba nene yenye kitanzi, unakivalisha kwenye nguzo ya gati, basi. Lakini angalia. Ile nyembamba ikirushwa usijaribu kuidaka hewani kama mpira, ule uzito unavunja meno. Iache ianguke, halafu ikanyage ama iokote. Ukivuta ile nene, shika kamba nyembamba na pembeni ya kitanzi, usiingize vidole ndani ya kitanzi kamwe, manake chombo kikirudi nyuma kidogo kamba inakaza na mkono wako uko kati ya kamba na chuma.

Ukifika kwenye nguzo ukute tayari kuna kitanzi cha chombo kingine, hapo ndio tunajua nani amefundishwa. Usiweke chako juu tu. Kipitishe kutoka chini, ndani ya kile kitanzi cha kwanza, kitokee juu, halafu ndio ukivalishe kichwani mwa nguzo. Ukifanya hivyo chombo chochote kati ya hivyo viwili kinaweza kuondoka kwanza bila kusumbua kingine. Ukiweka juu tu, yule wa chini akitaka kwenda saa tisa usiku lazima aamshe watu wenu wote walegeze kamba, na asubuhi jina lako litakuwa limetajwa.

Kamba ikishavalishwa, toka. Rudi nyuma na pembeni, usisimame kwenye mstari wa kamba inayovutwa wala ndani ya mzingo wake uliolala chini. Kamba za nailoni zinavutika kabla ya kukatika, zikikatika zinarudi na nguvu yote iliyokuwa imejazwa ndani, na mtu hana muda wa kuruka. Sikiliza pia, kamba inayoelemewa mara nyingine inalia kabla, inatoa mlio wa kusagika, lakini usiutegemee, ya nailoni inaweza kukatika bila onyo lolote. Ukisikia, piga kelele uwaambie na usogee.

Jioni huku upepo unatoka ziwani unasukuma chombo kwenye gati, kwa hivyo kufunga kunakuwa rahisi na kuondoka kunakuwa kazi. Mwangalie nahodha atafanya nini. Mara nyingi ataacha kamba moja ya omo (mbele ya chombo), ile inayoelekea nyuma na inaitwa springi, ataweka fenda nzuri mbele, atasukuma mbele polepole usukani ukiwa umeelekezwa gatini, na tezi (nyuma ya chombo) itaanza kuachana na gati yenyewe. Halafu anarudi nyuma na ile kamba ya mwisho inatolewa. Chora hiyo kitu kwenye kijitabu chako siku hiyo hiyo, mishale ya upepo, mishale ya kamba, manake mwalimu akikuuliza kazi ya kamba ya springi utaeleza ulichoona.

Gugumaji na injini

Wale wa injini, karibuni Winam. Ghuba yetu haina kina kirefu, na gugumaji likija na upepo linaweza kufunika gati yote usiku mmoja. Linaingia kwenye propela, na vipande vyake vinaingia kwenye chujio la maji ya kupoza injini. Dalili ni joto la injini kupanda polepole na presha ya maji kushuka, na anayeziona mapema ni yule anayeandika namba kila saa, kwa hivyo usione kuandika geji ni kazi ya kitoto.

Kusafisha hilo chujio ni kazi ambayo utapewa wiki ya kwanza, ifanye hivi na ukiwa na mkubwa wako kando. Kwanza hakikisha injini iko na maji ya njia nyingine, ama imezimwa. Funga valvu ya kabla ya chujio, halafu ya baada yake. Fungua kijivalvu cha kutoa hewa ama cha kumwaga uone: maji yakitoka kidogo halafu yakakoma, sawa, yakiendelea kutoka kwa nguvu ujue valvu haijafunga, na uko chini ya usawa wa ziwa, ukifungua kifuniko ziwa lote linaingia ndani ya meli. Yakikoma, legeza nati za kifuniko bila kuzitoa kabisa, inua kidogo, usubiri. Ikiwa hakuna presha, ndio utoe. Safisha kikapu, angalia kama kina tundu, futa mahali gasketi inakaa, rudisha, kaza nati kwa kupishana pande. Fungua valvu ya kuingiza kidogo tu, toa hewa mpaka maji yatoke bila povu, angalia uvujaji, halafu fungua zote kamili. Rudi baada ya dakika kumi uguse na uangalie tena.

Kwenye boti ndogo za injini ya nyuma dawa ni ileile kwa udogo wake, kuna kijimkondo cha maji kinaruka kutoka kwenye injini kikionyesha pampu inafanya kazi. Kikikata, zima. Usiseme nifike tu pale mbele. Zima, inua injini, toa majani kwenye matundu ya kunyonya na kwenye propela, na kabla ya kuweka mkono kwa propela toa ile klipu ya usalama uiweke mfukoni mwako mwenyewe.

Zamu ya usiku na taa za omena

Sheria ya 5 ya kanuni za kuzuia kugongana, zile za 1972, inasema kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia muda wote kwa macho na kwa masikio. Darasani unafundishwa taa: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe ya mlingoti, nyeupe ya tezi. Ukifika ziwani usiku usio na mwezi unakuta mji mzima unaelea, taa nyeupe kila mahali, hizo ni taa za wavuvi wa omena na hazifuati kanuni yoyote uliyosoma. Taa moja inaweza kuwa boti yenye watu wanne, inaweza kuwa kiboya chenye taa tu, na katikati ya taa mbili kunaweza kuwa na wavu.

Kazi yako kama mwangalizi si kuamua ni nini, ni kuripoti. Sema upande, sema umbali kwa kukadiria, sema inaonekana kusogea au la: "taa nyeupe mbili, nyuzi 30 kulia, karibu maili moja, hazisogei." Afisa akijibu amesikia ndio umemaliza, asipojibu rudia. Halafu endelea kuiangalia ile ile kupitia dirisha ama nguzo fulani. Ikiwa inazidi kukaribia na haibadiliki pembe, mtagongana, mwambie tena. Kuhusu macho, ukitoka kwenye chumba chenye mwanga usianze zamu mara moja, yape macho muda wa kuzoea giza, karibu nusu saa. Na simu mfukoni. Ukiiwasha kidogo tu kuangalia WhatsApp umeshayaharibu.

Redio ya VHF: sikiliza chaneli 16 na uandike unachosikia na saa yake. Usibonyeze kuongea mpaka umeruhusiwa na mwenye leseni akiwa hapo. Ujue tu kwamba boti nyingi ndogo za huku hazina VHF kabisa, zina simu ya mkononi, kwa hivyo uliza chombo chenu kina namba gani za dharura na ziko zimebandikwa wapi.

Hali ya hewa nayo usitegemee programu ya simu peke yake. Idara ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa Ziwa Victoria, usome asubuhi, halafu toka nje uangalie juu. Mchana upepo wa ziwa unaingia, na alasiri mawingu yanajengeka upande wa milima ya Nandi. Ukiona wingu limesimama refu, chini jeusi, na upepo umegeuka ghafla ukawa baridi, mna muda mfupi sana. Radi za huku si mchezo.

Kuna kitu kimoja cha maji baridi ambacho wa Mombasa wanasoma tu lakini wewe unaweza kukiona. Maji ya bahari yana uzito wa karibu tani 1.025 kwa kila mita ya ujazo, ya ziwa ni karibu 1.000, kwa hivyo meli ile ile na mzigo ule ule inazama zaidi kidogo huku. Ndio sababu ubavuni mwa meli za baharini, kwenye ile alama ya Plimsoll inayoonyesha meli mwisho wake wa kuzama ni wapi, mstari wenye herufi F (maji baridi) uko juu ya ule wa S (maji ya bahari, kiangazi). Ukipata nafasi soma namba za kina kwenye omo na tezi kabla ya kupakia na baada ya kupakia, andika tofauti, uende nayo chuo ukafanye hesabu. Mwalimu hatakuwa na la kusema.

Nenda Dunga siku yako ya kupumzika

Hii haiko kwenye silabasi ya mtu yeyote lakini naisisitiza. Omba wazee wa BMU (kamati ya kusimamia ufuo wa wavuvi) ya Dunga wakuruhusu utoke na boti asubuhi moja. Ukifika usianze na "niaje", sema "oyawore", subiri ujibiwe, mwite mzee mzee, jieleze wewe ni mwanafunzi unataka kujifunza, na ujitolee kusukuma boti na kupakua samaki. Vaa laifjaketi yako hata kama hakuna mwingine amevaa, waambie chuo kinanilazimisha, hakuna atakayebishana. Utajifunza kusoma upepo kwa rangi ya maji, kupiga kasia, kujua mahali penye mawe bila chati. Mwaka wa 2020 maji yalipanda yakameza sehemu kubwa ya fukwe, alama nyingi za zamani zikaingia chini ya maji, na wanaojua ziko wapi ni hao wazee.

Logibuku ni ya kila jioni

Ile kijitabu ya penseli ndio inakuja hapa. Mchana andika saa, kazi, chombo, na namba zozote. Jioni hamishia kwenye logibuku kwa mwandiko mzuri. Usingoje Ijumaa, manake Ijumaa utaandika "nilisaidia kufunga meli" mara tano na supavaiza atagonga sahihi bila kusoma na mkaguzi wa chuo akija atajua.

Linganisha. Ya uvivu: "Leo nilifanya matengenezo ya injini." Ya mtu aliyekuwepo: "Saa 3:40 asubuhi, nikiwa na fundi wa zamu, nilisafisha chujio la maji ya kupoza la jenereta namba 2. Sababu: joto lilipanda kutoka 78 hadi 86. Tulitoa gugumaji, gasketi ilikuwa imekatika, ikabadilishwa. Baada ya kuwasha joto lilirudi 79. Nilichojifunza: kupima kama valvu imefunga kabla ya kutoa kifuniko." Hiyo ya pili inasimama yenyewe hata kwenye intaviu miaka mitatu baadaye. Kitu ambacho uliangalia tu, andika uliangalia. Usiandike ulifanya, kwa sababu siku moja mtu atakupa spana akwambie onyesha.

Sahihi chukua kila wiki. Watu wanahamishwa, wanaenda likizo, chombo kinaenda Port Bell kinakaa, na wewe unabaki na kurasa tupu wiki ya mwisho unakimbizana na mtu Kondele akupigie muhuri.

Kabla hujaondoka omba barua ya huduma, na uandae rasimu mwenyewe ili iwe rahisi kwao kusaini. Iwe na jina la chombo, namba yake ya usajili ama ya IMO (namba ya kimataifa ya meli) kama iko nayo, tani zake, nguvu ya injini kwa kilowati, eneo kilikofanya kazi, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kazi ulizofanya. Iandikwe wazi kwamba ni Ziwa Victoria, usijaribu kuificha ili ionekane bahari, KMA wataijua kwa kutazama tu na utajiharibia hata ile ya kweli. Ichapishwe kwenye karatasi yenye kichwa cha ofisi, sahihi, cheo, muhuri, namba ya simu ya ofisi. Piga nakala tatu, skani moja ujitumie kwa imeili, na ile orijino iweke kwenye bahasha ya plastiki pamoja na cheti cha daktari.